Wenzake wana makaburi, yeye ana jina ukutani

*Swali: Nimeolewa Uingereza, huu mwaka wa kumi na moja. Mavyaa wangu ana miaka 89 na mimi ndiye ninayemtunza. Kaka yake alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu, Lancaster, na hakurudi usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, walipotumwa Nuremberg. Kwanza ilikuja telegramu kwamba amepotea. Miezi mingi baadaye ikaja barua kwamba anahesabiwa ameuawa vitani. Wenzake watano wamezikwa Hanover, watatu kila mtu na kaburi lake, wawili kaburi moja. Mlenga mabomu peke yake ndiye aliyepona, akatekwa. Baada ya vita aliwaandikia wazazi kwamba hakumbuki kuruka, alijikuta tu yuko hewani. Kaka wa mavyaa hana kaburi, ana jina kwenye ukuta wa Runnymede, mnara wa ukumbusho wa wanaanga wasio na kaburi linalojulikana. Mtaani kwao walinong'ona kwamba alitoroka. Usiku mavyaa ananiuliza: kwa nini hakuruka? Aliumia? Yuko wapi? Sasa kuna mtu amemwandikia mume wangu, anasema anajua ndege ilipoangukia na akilipwa ataenda kuchimba. Mwanangu wa miaka kumi na tano naye ameuliza kama huyu babu alikuwa shujaa au muuaji wa raia. Nianzie wapi?*

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mavyaa. Kazi yangu ni kusoma faili za watu waliopotea vitani, na wengi wanaoniandikia wanataka nambari ya ndege na tarehe. Wewe umeniletea mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akimngoja kaka yake, na mtoto huyo bado anangoja. Nitajibu yote uliyouliza, ila naanza na lile ninaloliona chini ya maswali yake yote: hofu kwamba kukosa kaburi kunasema jambo baya juu ya kaka yake. Hakusemi. Ukiniamini kwa hilo moja tu, mwambie leo jioni, mengine yatafuata.

Tuanze na yale maneno ya telegramu na barua, maana ndiyo yaliyozaa minong'ono. Neno "amepotea" halikuwa na maana kwamba hajulikani alikokwenda kwa hiari yake. Ndege ikichelewa kurudi, kituoni walisubiri mpaka muda ambao petroli haikuweza kuwa imebaki. Asubuhi telegramu zikaenda kwa familia saba, zote kwa maneno yale yale. Baada ya hapo walingoja habari kutoka kwa Wajerumani kupitia Msalaba Mwekundu kule Geneva: nani ametekwa, nani amezikwa. Kwa mtu ambaye habari zake hazikuja kwa takriban miezi sita, wizara iliamua kwamba anahesabiwa amekufa, ili mama apate pensheni na faili lifungwe. "Ameuawa vitani" maana yake kifo kimesababishwa na adui. Haimaanishi kwamba kuna mtu alimwona akifa, wala haimaanishi kwamba kuna aliyemtilia shaka. Mtu wa mkiani, mita karibu elfu sita juu ya Ujerumani, usiku, hana mlango wa kutorokea. Waliokataa kwenda na ndege walikataa wakiwa bado ardhini, na majina yao yalishughulikiwa kwa njia nyingine kabisa, tena kwa ukatili. Kaka yake alipanda ndege.

Na usiku wenyewe ulikuwa mbaya kuliko usiku mwingine wowote wa Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza. Ziliondoka ndege 795, na 95 hazikurudi. Kulikuwa na nusu ya mwezi iliyotoa mwanga wa kutosha, na hali ya hewa ilifanya kila injini iache nyuma yake mstari mweupe wa mvuke, jambo ambalo kwa kawaida hutokea juu zaidi ya pale walipokuwa wakiruka. Tena njia iliyopangwa ilikuwa na kipande kirefu kilichonyooka, zaidi ya kilomita 400 kuelekea mashariki, kikipita karibu na mahali ambapo ndege za kivita za usiku za Wajerumani zilikuwa zikikusanyika. Jaribu kuwaza ndege mia kadhaa, kila moja ikichora mstari mweupe kwenye mwanga wa mwezi kuonyesha ilipo. Nyingi ziliangushwa wakati wa kwenda, matumbo bado yamejaa mabomu na matangi yamejaa petroli. Shika hilo, tutalirudia.

Mavyaa anaweza kuwa amesikia pia kwamba kazi ya kaka yake ilikuwa kumwona adui kabla hajapiga, na moyoni anajiuliza mbona hakumwona. Hapa naomba umweleze taratibu. Tangu mwaka 1943 Wajerumani walianza kufunga kwenye ndege zao za usiku mizinga ya milimita 20 iliyoelekezwa juu badala ya mbele. Wenyewe waliiita Schräge Musik, yaani muziki wa upogo. Rubani wa Kijerumani alikuja chini kabisa ya Lancaster, akaenda nayo sambamba, akalenga bawa kati ya injini mbili, pale penye matangi ya petroli. Mara nyingi hawakutumia risasi za kung'aa, kwa hiyo hata ndege jirani hazikuona moto ulikotoka. Mpiga bunduki wa mkiani aliona nyuma, kushoto, kulia, na kwa pembe fulani chini. Moja kwa moja chini ya tumbo la ndege hakuona, na hakuna ambaye angeweza kuona kutoka pale alipokaa. Wakubwa wao hawakuwa wameielewa mbinu hiyo, na vijana hawakuonywa. Walipoona mpira wa moto ukipasuka angani waliambiana ni kombora la kutisha la Wajerumani, limetengenezwa lifanane na ndege inayolipuka. Kombora la namna hiyo halikuwapo. Zilikuwa ndege za wenzao.

Sasa swali la kuruka. Kile kizimba cha mkiani kilikuwa cha vioo na chuma, chembamba kiasi kwamba mtu aliyevaa suti ya kupashwa joto kwa umeme hakuwa na nafasi ya kuweka parachuti yake humo. Parachuti ilitundikwa nje, ndani ya mwili wa ndege, nyuma ya mgongo wake. Ili atoke ilimbidi anyooshe kizimba kitazame nyuma sawasawa, afungue vilango, ajipinde kuifikia parachuti, aivute ndani, aibane kifuani, azungushe kizimba kando mpaka vilango vitazame nje, ndipo ajiangushe kinyumenyume. Yote hayo kwa glavu, kwenye baridi inayoweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, ndege ikiyumba au ikizama. Na kizimba kilizungushwa kwa mafuta yaliyosukumwa na pampu ya injini. Injini hiyo ikifa, kizimba kinakwama pale kilipo, linabaki gurudumu la kuzungusha kwa mkono.

Jambo hili lina ushahidi wa mtu aliyepona. Usiku wa 12 kuamkia 13 Juni 1944, karibu na Cambrai, Ufaransa, Lancaster ya skwadroni 419 ya Kanada ilipigwa, injini mbili za kushoto zikawaka. Mpiga bunduki wa mkiani, Pat Brophy, alinasa ndani ya kizimba, na mkono wa kuzungushia ukakatika. Andrew Mynarski, mpiga bunduki wa juu, alikuwa tayari mlangoni aruke. Alimwona mwenzake, akarudi kwa kutambaa kwenye mafuta yanayowaka, akapiga kile kizimba kwa shoka, kisha kwa mikono. Brophy akamwashiria aende. Mynarski alirudi nyuma kwa kutambaa, nguo na parachuti vimeshika moto, akasimama wima, akampigia saluti, akaruka. Alifika chini hai, akafa kwa kuungua. Brophy akapona, kwa sababu ndege ilipogonga ardhi mkia ulivunjika ukamtupa nje. Mwaka 1946 Mynarski alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Nakusimulia haya ili mavyaa aelewe kwamba "kwa nini hakuruka" halikuwa jambo la moyo wa mtu. Lilikuwa jambo la chuma, mafuta na sekunde.

Mlenga mabomu je? Yeye alilala kifudifudi puani mwa ndege, na mlango wa dharura wa mbele ulikuwa kwenye sakafu pale pale alipolalia. Mlango huo wa Lancaster ulikuwa na upana wa inchi 22, pungufu kwa inchi mbili kuliko ule wa Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza. Freeman Dyson, aliyekuwa kijana wa hesabu makao makuu ya Kamandi, alikokotoa kwamba Lancaster ikiangushwa ni kama asilimia 15 tu ya watu wake waliopona, wakati Halifax ilikuwa kama asilimia 25. Asilimia 15 ya watu saba ni mtu mmoja. Hesabu ya ndege ya kaka yenu ni hiyo hiyo. Yule mtu hakuwaacha wenzake. Na kwa barua yake, hata kuruka hakuruka.

Barua hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote mlizo nazo. Mtu anaposema "nilijikuta hewani," kwa kawaida maana yake ndege ilipasuka ikamtema. Iunganishe na kaburi la watu wawili pale Hanover, ishara kwamba miili hiyo haikuweza kutenganishwa, na ukumbuke kuwa nyingi usiku ule zilipigwa zikiwa bado na mabomu. Mambo haya matatu yananielekeza kwenye mlipuko angani. Sikuambii hakuhisi lolote, maana wakuu wa skwadroni waliwaandikia hivyo akina mama wengi kama desturi, na mavyaa hahitaji desturi. Nakuambia kwamba ushahidi mlionao unaelekea zaidi kwenye kifo cha ghafla kuliko kwenye mtu aliyenaswa akihangaika. Hivyo ndivyo ningemwambia mama yangu.

Yuko wapi, basi? Ndege ikipasuka juu, mkia mara nyingi huanguka peke yake, mbali na mwili wa ndege. Wajerumani waliwazika waliowaokota katika kijiji cha karibu, aghalabu pembeni ya uwanja wa kanisa. Watu watano wa ndege moja wangeweza kuzikwa kijiji hiki na wa sita akazikwa kijiji cha pili kama Mwingereza asiyejulikana. Visahani vya utambulisho vya Waingereza vilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa, si chuma, na moto ulivila. Vita vilipokwisha, kitengo cha kutafuta waliopotea kilizunguka Ulaya miaka kadhaa, kikifukua makaburi na kusoma alama za dobi kwenye kola za mashati, pete, nambari za injini na za bunduki. Miili ikahamishiwa kwenye makaburi makubwa ya vita: Hanover, Rheinberg, Durnbach, Berlin. Kati ya watu 41,881 walioandikwa kupotea duniani kote, kufikia mwisho wa 1950 watu 23,881 walikuwa wamepatiwa kaburi linalojulikana, na 9,281 waliandikwa kuwa wamepotelea baharini. Waliosalia ni pamoja na kaka yenu. Kwa hiyo usimwambie mavyaa kwamba hakuzikwa. Kuna uwezekano mkubwa amezikwa kwa heshima, chini ya jiwe lenye maneno ya kwamba anajulikana na Mungu, ila jina lake limewekwa Runnymede, juu ya mto Thames, pamoja na wengine zaidi ya 20,000.

Niruhusu kidogo nirudi kwetu. Tarehe 12 Februari 1944, wiki chache tu kabla ya usiku wa Nuremberg, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilibeba mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya wengi wao yako kwenye mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Familia zao nazo zilibaki na jina badala ya kaburi, na nyingi hazijawahi kuambiwa kwamba jina hilo lipo. Wewe mwenyewe ukipata nafasi uliza nyumbani kwenu, pwani kuna wazee wengi waliokwenda wasirudi.

Haya, kazi. Anza na tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, bure kabisa. Mtafute kaka, kisha watafute wale watano, uandike safu na nambari za makaburi yao. Angalia kama kuna askari wa anga asiyejulikana katika safu hiyo hiyo, na ufungue hati za uhamisho wa makaburi kama zimewekwa, kwa sababu ndizo zinazotaja kijiji walikotolewa. Halafu Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, omba kitabu cha kumbukumbu cha skwadroni, mfululizo wa AIR 27. Usitegemee mengi. Kwa ndege iliyopotea mara nyingi utakuta saa ya kuondoka na mstari mmoja kwamba hakuna kilichosikika tena. Hata hivyo utapata herufi na nambari ya ndege, na hiyo ndiyo ufunguo wa faili la ajali, mfululizo wa AIR 81. Mafaili hayo yanahamishiwa Kew kwa awamu kufuata tarehe, kwa hiyo tazama kwanza katalogi. Kama yumo Mkanada au Mwaustralia kati ya wale saba, umebahatika. Nchi hizo zimeweka mafaili ya marehemu wao mtandaoni, na ripoti ya waliokwenda kuitafuta ndege inahusu watu wote waliokuwemo.

Ukigundua kaburi la asiyejulikana linaloweza kuwa lake, unaweza kuipelekea tume hoja yako, nayo huipima pamoja na kitengo cha wizara ya ulinzi kinachoshughulikia askari wa zamani waliopatikana. Wanataka ushahidi mzito, na inachukua muda. Wala hawafukui kaburi ili wapime vinasaba. Mueleze mavyaa hilo mapema, asije akaanza kungoja upya kitu ambacho huenda hatakiona.

Kuhusu mchimbaji, mwambie mume asilipe hata senti. Mahali ndege ilipoangukia Ujerumani panaweza kuwa kaburi, na kuchimba bila kibali ni kosa huko. Zaidi ya sheria, mtu asiye na ujuzi akichimba anaharibu hasa kile kinachoweza kumtambulisha marehemu: mfupa ulipolala, karibu na chuma gani, kwa kina gani. Kazi hii hufanywa na serikali na wataalamu. Waholanzi, kwa mfano, mwaka 2020 waliitoa ndege ya mabomu ya Waingereza, Stirling BK716, kutoka kwenye ziwa la Markermeer, wakichekecha tope kutafuta mabaki ya vijana saba. Kama mtu huyo kweli anajua mahali, aandike ramani bure aipeleke kwa mamlaka za pale. Akikataa, mmeshamjua.

Mwanao anastahili jibu kamili, si la kumnyamazisha. Vijana hawa wote walijitolea. Kati ya kama 125,000 waliohudumu kwenye ndege za Kamandi, 55,573 waliuawa. Na mabomu yao yaliua raia kwa makumi ya maelfu: Hamburg, Julai 1943, watu kama 37,000, Dresden, Februari 1945, hadi 25,000. Waliochagua kulenga miji walikuwa wakuu ofisini, lakini waliobonyeza na waliolinda ndege walikuwa hawa, na wengine walibeba uzito huo mpaka uzeeni. Mimi binafsi sioni haja ya kumlazimisha kijana achague neno moja. Mwambie babu yake alikuwa jasiri, na kwamba chini yake kulikuwa na watoto. Yote mawili ni kweli. Mpeleke Lincoln, kwenye kituo cha kumbukumbu cha Kamandi hiyo, akaone kuta zenye majina karibu 58,000, amtafute babu yake mwenyewe kwa kidole. Wana pia hazina ya taarifa za waliopotea, na watu wa kukaa naye ana kwa ana wakamwonyesha namna ya kuisoma.

Mavyaa mpe habari kwa kiasi anachouliza, mchana, mkiwa mmeshika chai, si usiku anapoamka. Akiuliza moja, jibu moja. Ukiona ameacha kula, au anamwita kaka yake kana kwamba yuko chumbani, au analia kwa kujilaumu kwa jambo alilolisema utotoni, mpeleke kwa daktari wa familia bila kungoja. Huzuni ya miaka themanini ikifunguliwa inaweza kumwangusha mzee, na wapo wauguzi wa kazi hiyo. Nawe usiibebe peke yako. Ni kaka wa mama wa mume wako, naye akeshe zamu yake.

Ile barua ya mlenga mabomu ipigeni picha pande zote mbili, na bahasha yake. Kisha nitumie herufi na nambari ya ndege mara utakapoipata, tuanze kutafuta kile kijiji.